Gobore Langu Mtoni Kagera

Nilikuwa mjinga, nakiri. Asubuhi ile tunavuka Kagera kumtembelea binti yangu, nikapakia mtumbwini gobore la marehemu mume wangu, kwa kuogopa wezi wa mtoni. Shemeji, aliyepiga kasia, akanionya: "Liache. Kwa woga huo utaua mtu." Nikamjibu, "Wewe piga kasia."

Katikati ya mto ukungu ukatumeza. Mtumbwi mwingine ukajitokeza, ndani mtu kajigubika nguo ya gome, hana uso. Nikamwita mara tatu. Kimya, na anazidi kuja.

Nikafyatua. Mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi, ukapasuka mapajani pake.

Binti yangu akapiga yowe kutoka ng'ambo: "Mama! Ni mume wangu, anakuja kukupokea! Angekuitikiaje, na mkwe ni mwiko kusema nawe?"

Mkwe wangu, mzima ila pombe ikimchuruzika, akazidi kujifunika uso kwa heshima.