Mama wa Fungu la Kasino

Mama anayegawa fungu la faida ya kasino ya kabila lake, wenyeji wa asili wa Marekani, kwa miji jirani husikiliza waombaji huku akishona shanga kwenye viatu vya ngozi, na hainui macho mpaka mtu amalize. Vidole vyake vimejaa alama za sindano. Sauti yake ni ndogo, hata wakubwa huinama mezani ili wamsikie. Siku Dahlgren, mkuu wa zimamoto na uokoaji wa mji mmoja jirani, alipokuja kuomba ambulansi mpya, alijieleza mpaka koo likamkauka.

"Mume wangu alipoanguka tuliwapigia," mama akasema. "Mkatuambia barabara zetu hamzijui."

Dahlgren akavua kofia. "Ni kweli, mama. Simu ile niliipokea mimi."

Sindano ikasimama. Kisha mama akakata uzi kwa meno, akatia saini ombi la Dahlgren, akavaa koti.

"Haya, washa gari. Leo utazijua."

Wakazunguka vilima vyote, yeye akielekeza kwa kidevu: kwa mzee Littlewind, anayesumbuliwa na moyo, kwa binti Redfox, anayekaribia kujifungua. Mwisho akasimamisha gari mbele ya nyumba ya mbao, akateremka.

"Na hapa naishi mimi, peke yangu. Usije ukapotea."