Rekodi za Dada na Mtihani wa Kusikiliza

Mama yangu hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Lakini kwenye rekodi ya Kiingereza ya kufanyia mazoezi ya mtihani, alisikia kitu ambacho mimi kilinipita masikioni wiki tisa nzima.

Ngoja nikueleze, na kama wewe ni mtu wa kurukia mwisho, leo punguza haraka.

Mimi ni nesi. Niko wodi ya upasuaji, mwaka wa sita sasa. Dada yangu mkubwa naye ni nesi, ila yeye yuko ng'ambo, na ndiye aliyenitafutia nafasi kwenye hospitali anayofanyia kazi. Barua ya kazi ninayo. Nafasi wananishikia mpaka mwisho wa mwaka kwa sharti moja: nifaulu mtihani wa Kiingereza, kila sehemu nipate alama saba.

Kusoma nilipata nane. Kuandika saba. Kuzungumza saba na nusu, maana kwa kuongea tumejaliwa.

Kusikiliza nikapata sita. Nikarudia. Sita tena.

Acha tu.

Kama hujawahi kufanya mtihani wa kusikiliza, hasira huijui. Rekodi inapigwa mara moja. Ukipiga chafya, imekula kwako. Halafu watu wa kwenye rekodi hawana msimamo. Mmoja anasema tukutane Jumanne. Ushaandika Jumanne. Anakohoa kidogo, anakumbuka Jumanne ana shughuli, basi iwe Alhamisi. Unafuta. Ukimaliza kufuta, wenzio wameshahamia kwenye bei ya tiketi.

Nilikuwa natamani niingie humo ndani, niwakalishe chini, wakubaliane kwanza.

Rekodi za mitandaoni nikazimaliza zote. Ikafika mahali nimekariri majibu, napata zote, najidanganya mwenyewe. Ndipo dada akaja na wazo lake.

"Nitakusomea mwenyewe," akaniandikia. "Natunga mazungumzo na maswali, nakurekodia, unajibu, nakusahihishia."

Kila siku mchana rekodi ikawa inaingia. Mtu mwenye akili zake angeshukuru. Mimi nikaanza kulalamika.

Kwanza, kelele. Nyuma yake kulikuwa na mashine ya dripu inalia ti, ti, ti, na vitanda vya magurudumu vikipita. Nikajua anarekodi akiwa kazini, kwenye mapumziko. Milio ile nashinda nayo kutwa, masikio yangu yameizoea mpaka hayaisikii tena, kwa hiyo nikaizoea na kwenye rekodi.

Kilichoniudhi zaidi ni yeye mwenyewe. Anasoma sentensi mbili, anatulia. Anavuta pumzi. Anaendelea. Sasa mtihani gani unasubiri mtu avute pumzi?

"Dada, soma haraka. Wale hawatulii hivyo," nikamwandikia.

"Sawa, mdogo wangu. Nitajitahidi."

Siku nyingine nikamwambia awanyamazishe hao wanaoongea nyuma yake. Siku nyingine nikamwambia kama amechoka bora asitume kabisa. Nayaandika haya kwa aibu, lakini niliyasema.

Kuna rekodi moja tuligombana hasa. Ilikuwa ya meneja anayepanga mkutano. Swali la nne: watu wangapi watahudhuria? Nikaandika nane. Dada akasema jibu ni kumi na wawili.

Nikampigia. Alipokea sauti tupu, video alikuwa haipendi siku hizo.

"Umesema nane mwenyewe," nikamwambia. "Nimerudia mara tatu. Nane, kwa sauti yako."

"Hiyo nane haimo. Iruke."

"Haimo vipi na nimeisikia? Ndiyo maana nafeli, walimu wenyewe ndio nyinyi."

Kesho yake rekodi ikaja kama kawaida.

Nyumbani naishi na mama. Dada alikuwa ameacha kumpigia. Alisema zamu zimembana na mtandao wa huko ni mbovu, kwa hiyo anaandika ujumbe, mimi namsomea mama. Mama ana presha na macho hafifu.

"Mwambie nataka sauti yake, sitaki barua," mama alikuwa akisema.

"Mama, mtoto wako ana kazi," ndilo lilikuwa jibu langu.

Sasa Jumapili moja mchana, siku tisa kabla ya mtihani wa tatu, hedifoni zikafa. Upande wa kushoto ulikufa zamani, siku hiyo wa kulia nao ukaamua kuufuata. Fundi seremala wa jirani alikuwa anapiga misumari kama vile kelele ndiyo anayouza. Nikaweka simu juu ya meza, spika mpaka mwisho, kalamu mkononi, hasira kooni.

Mama alikuwa ameketi pembeni, anashona kwa kupapasa kifungo cha sare yangu ya kazi. Rekodi ikaanza. Dada anasoma habari za maktaba inayofunguliwa upya. Mimi naandika.

Mama akashusha sindano.

"Huyo si dada yako?"

"Ndiye. Mama, ngoja kidogo, naandika."

"Mbona anaongea amelala?"

Nikasimamisha rekodi kwa kishindo, maana swali la pili lilishanipita. "Mama, huyo anasoma. Yuko kazini."

"Anachosema sikijui. Lakini huyo amelala chali. Alipokuwa mdogo, akiumwa alikuwa anaongea hivyo hivyo. Maneno mawili, kisha anatafuta pumzi. Nimemlea mimi, baba."

"Unamfikiria sana, ndiyo maana."

"Iweke tena."

Nikaiweka, na niseme ukweli, niliiweka ili nimwonyeshe kwamba amekosea. Safari hii sikushika kalamu. Sikuwa natafuta saa, wala bei, wala siku ya wiki. Nikamsikiliza dada yangu.

Amelala.

Miaka sita nimehudumia watu waliopasuliwa. Sauti ya mtu aliyelala chali, anayepumua juu juu kwa sababu akivuta pumzi yote inamuuma, naijua. Naisikia kila asubuhi nikipita kitanda hadi kitanda. Ilipotoka kwa ndugu yangu wa damu sikuitambua, kwa sababu nilikuwa bize na maswali.

Nikaitafuta ile rekodi ya ugomvi, ya meneja na mkutano wake. Nikaibana simu sikioni, nikaiacha sauti ya dada, nikaifuata iliyo nyuma yake.

Kuna mwanamke anauliza kwa Kiingereza, polepole, vilevile tunavyowauliza wagonjwa wetu: kuanzia sifuri hadi kumi, maumivu yako yako kwenye ngapi sasa?

Na dada, katikati ya habari za meneja, anamjibu: nane.

Kisha anaendelea kusoma.

Nikakaa sakafuni. Mama akauliza kuna nini. Nikampigia dada kwa video. Akakata. Nikapiga tena. Akakata. Mara ya tano ilipokatwa nikamwandikia, "Mama amekusikia."

Hapo akapiga mwenyewe.

Nikaona mto, kitanda cha hospitali, na uso wa dada umekonda mpaka macho yamekuwa makubwa. Nyuma yake mashine inalia ti, ti, ti. Ilikuwa ya kwake.

"Mgongo," akasema. "Nilikuwa namgeuza mgonjwa kitandani, akaniteleza, tukaenda chini wote. Wamenipasua mara mbili. Mara ya kwanza kidonda kilipata usaha."

"Tangu lini?"

"Hii ni wiki ya kumi na moja."

Nikapiga hesabu. Rekodi ya kwanza aliituma wiki tisa zilizopita. Kwa hiyo hakuna hata moja aliyonisomea akiwa ameketi.

Nilifoka. Ningepaswa kulia, nikafoka. Kwa nini hukusema? Mimi ni nani kwako? Nesi mzima nakaa hapa nakwambia soma haraka, unaniacha niseme?

"Ungeacha kusoma," akasema. "Na mama presha ingempanda. Mimi nilitaka ufaulu uje. Nilitaka kuwa na mtu wangu huku."

"Ndiyo unirekodie ukiwa na maumivu ya nane?"

Akatulia, akavuta pumzi. Nikamsubiri.

"Hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu nzuri," akasema. "Siku nzima hapa wananiita kwa namba ya kitanda. Nikishika simu nikusomee, najiona niko sebuleni na nyinyi."

Na mimi nilimwambia kama amechoka bora asitume kabisa. Nilijichukia siku ile, na bado sijamaliza.

Mama akaninyang'anya simu. Nilijiandaa kwa kilio, nikaanza hata kutafuta dawa zake za presha. Mama hakulia, wala hakuuliza habari za mgongo.

"Usiseme kitu, mwanangu," akamwambia. "Pumua tu, nakusikia."

Wakakaa hivyo karibu nusu saa, hakuna anayesema neno, bando linakwenda. Presha yake haikupanda. Iliyopanda ni yangu.

Mtihani nikaenda kuufanya. Najua mnasubiri niseme nilifaulu.

Sita na nusu.

Nusu alama, jamani. Niliipiga teke ndoo ya bafuni ikapasuka, na mama akanituma nikanunue nyingine siku hiyo hiyo. Nafasi yangu bado ipo, na kabla ya mwaka kuisha nina jaribio moja lililobaki. Nikilikosa hilo, dada atabaki huko peke yake.

Nilipompa matokeo, alicheka mpaka akashika ubavu. Sasa anakaa, na anatembea kwa fimbo hadi dirishani.

"Nikutumie nyingine?" akaniuliza.

"Tuma. Ila maktaba na mameneja waache. Niambie kwa Kiingereza umeamkaje, umetembea hatua ngapi, nani amekuudhi leo. Nitajifunza humo humo."

Anatuma kila siku. Natulia mwenyewe anapotulia, na mama anakaa pembeni yangu kuhakikisha.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, somo ninalokuachia ni dogo. Mtu wako akikutumia sauti, mara ya kwanza isikilize bila kalamu mkononi.