Nilichokichoma Mollo

Siku niliyochoma shamba la mama mkwe kule Mollo siisahau, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata nilipoweka miwani. Nilikuwa mke mgeni, nimetoka Kirando, ziwani, na kwetu anayefungua shamba huwasha moto kwanza, ndipo ashike jembe. Mama mkwe alinionyesha kipande changu kilichojaa nyasi, akaniambia nikitayarishe. Nami, hodari wa watu, nikatafuta kiberiti.

Sikujua kwamba wenyeji wa kule nyasi kama zile hawazichomi. Huzifukia kwenye matuta makubwa ya duara, zikaozea chini ya udongo, na maharage yanayopandwa hapo hunawiri bila mbolea ya dukani. Jioni kipande changu kilikuwa cheusi tii. Mama mkwe alikitazama tu, akanipa pole ya kazi.

Aliyesema ni Gaudensia, mke wa shemeji yangu Simoni. Tulipokuwa tukichota maji alicheka, akasema huyu wa ziwani angebaki na dagaa wake. Ni hilo tu. Leo ningecheka naye. Lakini siku ile neno lilinichoma, na nilipofika kwa mume wangu Leonsi nikalikoleza. Nilimwambia Gaudensia kasema yeye ameoa mzigo, na kwamba Simoni alikuwepo, akacheka mpaka akashika mbavu. Simoni hakuwepo, mwanangu. Nilimweka mimi.

Leonsi akawaka. Ndugu wale wawili walikuwa wakila ugali sahani moja kwa mama yao tangu utotoni. Kuanzia siku hiyo mmoja akila ndani, mwenzake anakula nje. Simoni alikana, na kila alivyozidi kukana ndivyo Leonsi alivyozidi kumwona mwongo. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Hawakusema aliyewagombanisha achukue nini.

Mvua zilipokolea tukawa tunapiga matuta kwenye kipande chake, mimi na mama mkwe, ananifundisha kugeuza nyasi na udongo wake. Sijui alijuaje. Alisema bila kuinua uso:

"Nyasi ulizichoma kwa kutojua, mwanangu, na nyasi zitaota. Hawa wanangu umewachoma ukijua. Nenda kaseme."

Nikaitika, "Ndiyo, mama."

Sikwenda. Niliogopa Leonsi atanirudisha kwetu. Nikajiambia nitasema baada ya mavuno, kisha baada ya Pasaka, kisha mtoto akizaliwa. Ikapita miaka mitatu. Mama mkwe hakunikumbusha tena, wala hakunichukia, na huko kutochukiwa ndiko kulikonitesa. Kila jioni alipakua ugali kwenye sahani moja, akautazama, halafu akaukata na kuhamishia nusu sahani ya pili.

Aliugua majira ya baridi, na hakuchukua muda. Siku ya tatu ya matanga, watu wamejaa na ugali umeshapakuliwa, nilipiga magoti mbele ya wanawe nikasema yote. Simoni ndiye aliyeinuka, akabeba ugali wake, akaketi kando ya ndugu yake, wakala huku wanalia. Gaudensia alinishika mkono akasema lile la dagaa alilisema kweli, nimsamehe. Hakuna aliyenirudisha ziwani. Kumbe nilichokiogopa miaka mitatu hakikuwepo, na aliyekuwa akiisubiri siku ile tulikuwa tumeshamzika.

Sasa nawatazama nyinyi hapa Chanji na simu zenu. Mmoja anachochea kwenye grupu la familia, mwingine anakoleza, wa tatu anamchomea mwenzake kwa shangazi, na mnacheka. Sikulaumu, mwanangu, nami nilikuwa hivyo kabla simu hazijaja. Lakini angalia Kiswahili chetu kilivyojaa moto: kuwasha, kuchochea, kukoleza, kuchoma, kuunguza, kuteketeza. Kuzima ni neno moja, na kazi yake ndiyo ngumu kuliko hizo zote.

Ukisikia neno baya la ndugu yako, lifukie lioze. Likikushinda, likakutoka, basi angalau usilitie chumvi. Na kama ulishalitia, nenda leo ukaseme, "Hapa niliongeza mimi." Utaona haya, ndiyo. Haya haijaua mtu. Usingoje msiba ukukusanyie watu wa kuwaambia, kwa sababu atakayekosekana hapo ni yule yule uliyepaswa kumwahi.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuungama, mwanangu, na mama yako awe bado hai kuusikia.