Maua Juu ya Ingata

Mwenye duka la maua la Overport, hapa Durban, alipoteguka mkono, kazi ya ufukweni alinipa mimi. Kabla ya hapo, kwa miaka minne, nilikuwa mtu wa ndoo: kuziosha, kubadilisha maji, kukata ncha za mashina. Masharti alinieleza bila kuzunguka. Hoteli moja ilitaka duara la maua mchangani, la siku moja tu, kukaribisha majira ya mapukutiko. Wageni wakifika saa nne wakalikuta limesimama, kazi zote za nje ya duka zitakuwa zangu. Wasipolikuta, nitarudi kwenye ndoo, naye hatanilaumu.

Aliniambia nichore nitakachofanya. Shule niliiacha darasa la saba, mwaka tuliomzika mama baada ya baba, kwa sababu wadogo zangu watatu walihitaji kula. Kuchora sikujua. Nikapanga makopo matupu kwenye sakafu ya duka, nikamwomba asimame katikati. Aligeuka huku na huku, akasema sawa.

Kilichonisumbua kwanza ni rangi za mapukutiko. Durban miti haipukutiki. Aprili yetu ni ya kijani kama Desemba. Rangi ya chungwa niliipata kwenye krisanthemu, ya waridi kwenye kosmosi, maua yanayochanua mashambani huko bara. Kahawia nikaikosa, mpaka nikakumbuka migomba ya jirani yetu huko Sydenham, mtaa tunaoishi. Nilipomwomba majani makavu alicheka, akanipa na kisu nikate mwenyewe. Nilijaza magunia matatu.

Jumamosi alfajiri tukashusha vitu ufukweni, mimi na dereva wa duka. Yeye ni mzee mzaliwa wa Bluff, ng'ambo ya bandari, wa ile jamii ya hapa Durban inayoitwa Wazanzibari hadi leo. Kiswahili chake amekiokota kwetu sisi wageni, akakichanganya na Kizulu. Nilianza kupanga makopo karibu na maji, kwenye mchanga mbichi. Mimi nilikulia kando ya Ziwa Tanganyika. Kule mchanga mbichi ndio unaoshika, na maji uliyoyaacha asubuhi utayakuta palepale jioni. Miaka yote niliyoishi Durban, bahari niliiona kwenye dirisha la taxi tu. Siku zangu za mapumziko zilikuwa za kufua.

Nusu ya duara ilikuwa imesimama mzee alipokuja na kikombe chake cha chai.

"Dada," alisema, "saa nne hapa utakuwa unawauzia samaki maua."

Akanionyesha mstari wa mwani, mbali juu yetu. Maji yalifika pale jana, na leo yatafika tena.

Tukahamisha makopo yote sitini kupita ule mstari. Lakini mchanga mkavu hauna adabu. Unaweka kopo, upepo unalisukuma, linalala na maji yake. Sponji za kuchomekea maua zikaanza kumeguka. Nikakaa chini na, sitadanganya, nililia kidogo.

Kisha nikayatazama yale magunia. Nyumbani maji yakikatika, tunayafuata kwenye lori la manispaa na kuyapandisha hadi ghorofa ya tatu, ndoo kichwani. Wadogo zangu wote niliwafundisha kusokota ingata kwa kitambaa kikuukuu, kama mama alivyonifundisha mimi kwa majani ya mgomba. Ndoo ikikaa juu ya ingata haitikisiki, hata ngazi ziwe mbovu namna gani. Nikawaza: kama kichwa cha mtu anayetembea kinaweza, mchanga utashindwaje?

Nikawapigia simu wadogo zangu. Walifika kwa taxi moja, wote watatu. Tulilowesha majani kwa maji ya bahari yasikatike, tukasokota, tukafukia kila ingata nusu kwenye mchanga na kukalisha kopo ndani yake. Yule wa mwisho, anayesoma chuo kikuu, alilalamika bila kusimamisha mikono.

"Dada, yaani ada yote ile ulilipa ili nije kusokota ingata?"

"Sokota," nikamwambia. "Ya kwako imelegea."

Mzee naye alisokota moja. Ilifanana na kiota cha ndege, tukaiweka nyuma.

Saa nne kasoro robo mwenye duka alifika, mkono ukiwa umefungwa shingoni, pamoja na mama mmoja wa hoteli. Upepo ulikuwa umekaza. Kosmosi ziliinama na kuinuka zote pamoja, na chini yake majani ya migomba yalizunguka duara zima, kahawia iliyoiva. Mwenye duka alilisukuma kopo moja kwa ncha ya kiatu, akasukuma jingine. Hayakuhama. Akainama, akafukua mchanga kidogo, akauliza hiki ni nini. Nikamwambia nyumbani tunabebea maji.

Wageni walipokuwa wakiteremka, mama wa hoteli alimuuliza mwenye duka kama mwaka ujao anaweza kuwatengenezea kitu kikubwa zaidi.

"Muulize yeye," mwenye duka alijibu, akinielekezea kidevu. "Kazi za nje ni zake."

Niliyajibu maswali yote nikiwa nimesimama wima, mchanga umenijaa hadi kwenye viwiko. Nyuma yangu nilimsikia mdogo wangu wa mwisho akimwambia mgeni mmoja, ambaye hakuwa ameuliza chochote, kwamba duara hili amelitengeneza dada yake.