Nilivyomtukana Milionea Mpaka Nikajiponza

Mtu niliyemtukana mchana kutwa alinikumbatia mbele ya uwanja mzima, akanibusu juu ya kofia ngumu, akaninong'oneza: "Asante, kaka."

Hapohapo kibarua changu kikaota nyasi.

Nisikilizeni vizuri, maana ukienda mjini kwetu Barahona leo ukauliza, watakwambia niliuza mechi. Sikuuza. Ningeuza, si ningekuwa na gari?

Mimi nilikuwa mdakaji. Kwenye besiboli, mdakaji ndiye yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, anadaka mipira aliyoikosa mwenye gongo. Ni kazi ya magoti. Yangu nikiyakunjua yalikuwa yanalia kama mlango wa banda la kuku.

Ila nilikuwa na kazi ya pili ambayo haijaandikwa kwenye mkataba wowote.

Mdomo.

Mpigaji akisimama mbele yangu, namsemesha. Namuuliza habari za mama mkwe. Namwambia suruali yake imechanika nyuma. Akili ikihama kidogo tu, mpira umeshapita. Ndiyo maana nchi nzima waliniita Cotorra, yaani kasuku.

Basi Desemba ile akarudi Yorvin Montás.

Yorvin ni mtoto wa mji wa Baní. Alikwenda Marekani na begi la mgongoni, akaigonga mipira kama ina kesi naye, mpaka timu yake ikampa mkataba wa miaka kumi. Milioni mia mbili. Sio peso zetu, jamani. Dola.

Mwaka wa kwanza wa mkataba, gongo likafa. Jamaa akawa anapiga upepo.

Redioni hawakumwonea huruma. "Ameshashiba huyo! Atapiga ili apate nini tena?"

Kwa kawaida wenye mikataba minono hawachezi ligi yetu ya Desemba. Timu zao za huko hazitaki waje kuumia huku. Yorvin akaomba ruhusa mwenyewe, akaja kuchezea Majogoo wa kwao Baní. Watu wakasema kaja kujisafisha jina.

Akakutana na sisi, Wakata Miwa wa Barahona, mechi ya mwisho ya nusu fainali, uwanjani kwao, Jumapili, jua la kukaangia yai.

Kabla ya kuingia, kocha wetu Don Fausto akanivuta pembeni.

"Cotorra, magoti yako yamekwisha, usijifanye hujui. Tukifika fainali, nitakupigania upate msimu mmoja zaidi. Tusipofika, nenda kauze nazi."

"Nazi zina faida, mzee."

"Basi anza kujifunza kupanda mnazi na hayo magoti."

Nikacheka. Moyoni sikucheka. Sijui kazi nyingine mimi.

Yorvin alipotoka na gongo lake, watu wa kwao wenyewe wakamrushia dola za karatasi, zile za kuchezea watoto. Zikatapakaa kwenye nyasi. Bibi mmoja akapiga kelele, "Okota, usije ukalala njaa!"

Mimi nikaona leo ni sikukuu.

"Karibu, bwana mkubwa! Umelala vizuri? Godoro la noti haliumizi mgongo?"

Akakung'uta udongo kwenye viatu.

"Watazame wale. Kila mmoja anasubiri aone hizo milioni. Waoneshe basi! Mpira mmoja tu, thamani ya milioni mia mbili!"

Akaukimbilia kwa gongo mpira uliokuwa unakwenda kuchimba udongo. Gongo likapita juu, nusura ateguke kiuno. Mpigaji akikosa mara tatu anatoka. Akakosa mara tatu, akatoka.

Zamu ya pili nikamwongezea.

"Mama yako anajua unalipwa kwa kupunga upepo? Siku hizi kazi hiyo inafanywa na feni."

"Kasuku, nitakung'oa meno."

"Ning'oe. Hela ya kuninunulia mengine unayo."

Mwamuzi akasema, "Cotorra, funga bakuli hilo."

Vidole vya Yorvin vilikuwa vimelikaba gongo mpaka vimekuwa vyeupe. Alikuwa anahema kama aliyepanda mlima. Nikajua ni hasira. Nikafurahi. Akatoka tena. Na zamu ya tatu, vilevile.

Tukafika mwisho wa mechi. Sisi tunaongoza kwa moja. Wao wana mtu mmoja anayesubiri kituoni, na wamebakiwa na mpigaji mmoja tu.

Nani? Milionea.

Anyelo, mtupaji wetu, akatupa. Yorvin akakosa. Akatupa tena. Akakosa.

Bado kosa moja tufike fainali. Bado moja niwe na msimu mwingine.

Ningekaa kimya. Au ningerudia matusi yaleyale yaliyokuwa yanafanya kazi tangu saa nane. Lakini kinywa kilikuwa kitamu, nikataka kumzika kabisa.

"Kaka, ya nini kujitesa?" nikamwambia. "Kosa tu twende tukale. Ukikosa, Jumatatu watakulipa. Ukipiga, watakulipa. Ukilala hapa chini ukakoroma, watakulipa. Hakuna wa kukunyang'anya kitu. Hudaiwi na mtu. Pumzika, boya wewe!"

Akanigeukia.

Akaomba dakika, akatoka kwenye mstari. Akaangalia zile dola za karatasi chini.

Akaanza kucheka.

Sio kicheko cha hasira. Alicheka kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachombana.

"Kweli, eh," akasema.

Alirudi akiwa mtu mwingine. Mabega yameshuka, vidole vimelishika gongo kama mwiko wa uji. Haraka nikamwashiria Anyelo atupe ule mpira wa udongoni, mtego uliomnasa siku nzima.

Yorvin akautazama ukipita. Kama hawajuani. Na mpira wa chini vile, usipourushia gongo, hauhesabiwi kosa.

Tukautupa tena. Akautazama.

Nikaashiria udongoni mara ya tatu; Anyelo akachoka kubembeleza, akatupa wa kunyooka.

Mlio ule nausikia mpaka leo. Mpira ukapita juu ya ukuta, juu ya mbao za matangazo, ukaenda kutafuta maisha yake.

Mpira ukivuka ukuta, aliye kituoni na mpigaji wote wanahesabiwa: wametupita kwa moja, mechi imekwisha. Yorvin akazunguka vituo taratibu, akafika kwangu, ndipo akanikumbatia.

"Nimekutukana, mjinga wewe!" nikamwambia huku namsukuma.

"Najua. Tangu nisaini, kila nikishika gongo nataka kuzilipa hizo milioni zote kwa pigo moja. Mwaka mzima hakuna aliyeniambia sidaiwi."

Akaenda kubebwa na walewale waliomrushia karatasi.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Anyelo alinirushia glovu usoni. "Ulimwambia nini?"

"Nilimtukana."

"Tusi gani linalipwa kwa busu? Ulimwambia mpira gani unakuja!"

"Ulikuja wa kunyooka, Anyelo. Nilikuashiria udongoni, ukakataa."

Mtupaji hapendi kuambiwa hilo mbele za watu. Kikanuka.

Don Fausto akanyanyua mkono. "Cotorra, sema maneno yenyewe."

Nikayarudia, neno kwa neno.

"Yaani," akasema mzee, "mtu kajinyonga mwenyewe, amebakiza pumzi moja, wewe ukaenda kumkatia kamba?"

Nikakosa jibu. Mimi, Cotorra.

"Vua jezi."

Nikavua. Nje, mashabiki wetu waliokuja kwa mabasi walinipokea kwa maganda ya machungwa, na machungwa yenyewe.

Msimu uliofuata Marekani, Yorvin aliwasha moto. Redio zilezile zikatangaza kwamba ameamka usingizini. Hakuwa amelala, enyi vichwa maji. Alikuwa anakimbia mno.

Kwa hiyo ukimwona mtu kapata mkataba mnono halafu kazi ikamshinda, usikimbilie kusema kashiba. Huenda anahangaika kulipa deni ambalo hakuna aliyemwandikia.

Na kama mtu huyo ni adui yako, mwache ahangaike. Mpigie makofi kabisa.

Usithubutu kumwambia kuwa hadaiwi.