Safari ya Jericho Kumwona Mjane Mwenye Mume

Tulitoka ofisini Westlands asubuhi kwa sababu ukurasa wetu wa habari ulikuwa unakufa. Mimi ndiye huandika mazungumzo na waandishi wa shirika letu la vitabu vya kitaaluma, na wanaoyasoma ni waandishi hao hao na mama zao. Bosi akaamuru, "Mpeleke Profesa Gathua mtaani akutane na watu aliowaandika." Profesa alikuwa ametunga kitabu kinene kuhusu wajane wa Eastlands. Akaja amevaa koti la kitenge, la kupigia picha.

Tulipofika mtaa wa Shauri Moyo, Profesa alitaka tusimame. Mafundi walikuwa wakigonga mabati, naye akasimama mbele yao ameshika kidevu, nikampiga picha. "Hapa ndipo nilipofanyia utafiti wangu," akasema. Kisha akaniuliza Jericho ni upande gani.

Jericho tulifika kabla ya chakula cha mchana. Tulikuwa tunamtafuta Mama Nafula, ambaye uso wake uko kwenye jalada. Mlango ukafunguliwa na mzee mrefu mwenye kikombe cha chai.

"Karibuni. Mimi ni Barasa, mume wa Mama Nafula."

"Mume wa pili?" Profesa akauliza.

"Wa kwanza. Yule uliyemzika kwenye sura ya tatu."

Tulipoketi, Mama Nafula alieleza. "Msichana uliyemtuma kutuhoji aliniuliza mzee yuko wapi. Nikamwambia mzee ametoka. Alikuwa ameenda Gikomba kutafuta viatu. Huyo msichana akaandika mzee ametutoka. Akina mama wa kanisa wakaja kunililia, wakamaliza chapati zangu, na marehemu anakoroma chumbani."

Nilicheka. Barasa hakucheka. Mdogo wake, mwalimu huko Busia, alikiona kitabu chuoni, akapanda miwa kwenye shamba la marehemu.

"Nikasafiri, nikasimama mbele yake," Barasa alisema. "Akaniangalia vizuri, akaniambia, 'Pole kaka, lakini hiki ni kitabu cha chuo kikuu.'"

Profesa alikohoa. "Kitaaluma, ujane ni hali ya kijamii. Si lazima mume awe amekufa."

"Profesa, uko na bibi?" Mama Nafula akamuuliza.

"Ndiyo."

"Mwambie hivyo leo jioni, halafu urudi utuambie amejibu nini."

Profesa akaahidi kusahihisha katika toleo la pili. Mimi najua stoo yetu: toleo la kwanza limejaa hadi darini, na hakuna anayeligusa isipokuwa panya. Barasa angekufa kweli kabla ya toleo la pili. Nikachukua nakala ya kitabu tuliyokuja nayo, nikalikata kwa kalamu neno "marehemu", nikaandika "yu hai", nikampa Profesa kalamu.

"Weka sahihi hapa."

"Utaniharibia jina."

"Na langu?" Barasa akauliza.

Profesa alitia sahihi, akaongeza na shahada zake zote, maana hata aibu aliipenda iwe na vyeo. Nakala nikamwachia Barasa.

Tukarudi mjini kwa Barabara ya Jogoo. Nikaandika yote jinsi yalivyokuwa. Bosi akakata, akabakisha picha ya Profesa na mafundi na kichwa cha habari: "Mwandishi Wetu Apokewa kwa Furaha Jericho." Nilipomwomba angalau tutangaze kwamba Barasa anaishi, alisema tutawachanganya wasomaji. Ndiyo maana nawasimulia ninyi hapa.

Baadaye Barasa alinipigia simu kutoka Busia. Mdogo wake aliisoma ile sahihi, akazipitia shahada moja moja, kisha akasimama na kumpa mkono. "Karibu nyumbani, kaka. Tulidhani umekufa." Miwa ikiisha kuvunwa, shamba litarudi kwa mwenyewe.

Nilichojifunza ni hiki: mtu akiuawa na profesa, hata akisimama mbele yako anapumua haitoshi, mpaka profesa amfufue kwa maandishi.