Nilimkana Mama Mkwe Mbele ya Sanamu

Mimi ndiye mkosaji, na nianze na hilo kabla hasira haijanipoteza. Nilimkana mama mkwe wangu mchana kweupe, katikati ya Nairobi, na hakuna aliyenishika koo nifanye hivyo.

Jina langu sitawaambia. Jina lake pia sitalitaja, na sababu mtaijua mbele. Nyumbani Ruiru namwita Maitu, yaani mama, kama mume wangu anavyomwita.

Maitu alikuwa amembeba mume wangu tumboni pale serikali ilipomchukua bwana yake kwenda kubeba mizigo katika vita vya Kariakoo, vile vya kwanza vya Waingereza na Wajerumani. Hakurudi. Hakuna barua, hakuna kaburi, hakuna hata mtu aliyekuja kusema pole! Mwanangu wa kwanza tulimpa jina la huyo babu yake, kama desturi yetu inavyotaka, na Maitu humtania akimwita "bwana yangu" na kumchagulia viazi vitamu vilivyoiva vizuri.

Sasa, chama chetu cha akina mama kikapata safari ya siku moja kwenda kuona sanamu mashuhuri za Nairobi. Memsabu wa maendeleo, yule mama wa Kizungu anayesimamia vyama vyetu, ndiye angetuongoza. Siku hizi za Hali ya Hatari Mkikuyu haingii Nairobi bila pasi, kwa hiyo alituombea pasi moja ya kundi zima, akaitia kwenye mkoba wake. Mimi ni karani wa chama, Kiingereza nakijua kidogo, nikachaguliwa kutafsiri. Basi kichwa kikavimba!

Maitu aliposikia kwamba sanamu mojawapo ni ya askari na wapagazi wa vita vile, hakutulia tena.

"Na mimi nitaenda," akasema. "Nataka kuona kama walimweka."

Nilikubali shingo upande. Ukweli ni kwamba nilimwonea haya. Kichwa amenyoa, masikio yana matundu makubwa ya mapambo ya zamani, miguu haina viatu. Na mimi siku hiyo nimevaa viatu vipya vya kisigino! Mjinga mkubwa mimi!

Lori likatushusha. Memsabu akatupeleka kwanza kwenye sanamu ya mzungu mmoja ameketi kitini, akamsifu mpaka jua likatuchoma. Kwa wale watatu wa shaba, wa vita, alisema maneno machache tu, kisha akawavusha wenzetu barabara. Na majina hakuna! Nilizunguka pande zote nikisoma, sikuona hata jina moja la mtu. Watu walikufa kama kuku, na hata kuandikwa hawakuandikwa! Hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Maitu alibaki nyuma, nami pamoja na akina mama wawili tukawa tunamngoja. Akamwendea yule mpagazi, akamshika mguu, akatoa ugoro wake akaunyunyiza pale chini. Halafu akaanza kulia kwa sauti, akisema naye kwa Kikuyu.

"Ni wewe? Tua mzigo, baba. Vita viliisha. Mtoto wako ni mtu mzima sasa."

Wazungu waliokuwa wakipita wakasimama. Mmoja akacheka. Askari polisi, Mwafrika mwenzetu, akaja mbio.

"Wewe mama! Pasi yako iko wapi?" Akatugeukia sisi. "Nyinyi, huyu ni wenu?"

Neno moja tu lilitakiwa. Pasi ilikuwa hapo ng'ambo ya barabara, ndani ya mkoba! Lakini nilimtazama yule mzungu anayecheka, nikatazama viatu vyangu, nikasema, "Hapana, afande. Simjui."

Wenzangu wakainamisha vichwa. Nao nimewakasirikia sana, lakini mimi ndiye karani. Nikishasema mimi, nani angenipinga mbele ya polisi?

Maitu anakijua Kiswahili cha kutosha. Aliniangalia. Angeniita kwa jina, angenitukana, nami ningestahili! Akavutwa mkono, akapandishwa kwenye gari la polisi, na mimi nimesimama tu natazama. Niliogopa kurudisha neno langu nisije nikapandishwa naye.

Memsabu hakuhesabu hata watu wake tulipopanda lori. Kiongozi gani huyo!

"Mama yuko wapi?" mume wangu akauliza nilipofika mlangoni. Nilipomweleza alitoka bila kuvaa koti. Alimtafuta kila mahali, akaja kumpata Thika, kambini, pamoja na watu wengine waliokamatwa bila pasi. Amekonda, na mkono umevimba. Tangu hapo mume wangu anasema nami habari za chumvi na kuni, basi.

Lakini kilichonimaliza kilikuja baadaye. Nilijifungua binti, wa kwanza wa kike. Kwetu huyo ni wa mama yake baba. Jina lake ndilo huchukua, na halina mjadala. Maitu alikuja, akamwosha, akamfunika vizuri. Wanawake wakapiga vigelegele, wakamwambia, "Basi umezaliwa tena!"

Akaniwekea mtoto mikononi.

"Si mimi," akasema. "Mama yake hanijui. Atampaje mtoto jina la mtu asiyemjua? Na asilitaje tena."

Nimepiga magoti. Nimemleta mchungaji. Mume wangu anasema jina ni la mwenyewe, hawezi kumnyang'anya. Kuna siku namkasirikia hata Maitu, halafu nakumbuka macho yake pale kwenye gari, najiona mchafu. Ubatizo umeahirishwa, na kutoka Ruiru mpaka Thika watu wanajua kwa nini.

Nyinyi wenye viatu vipya na Kiingereza cha kuokoteza, nisikilizeni! Yule mzungu aliyecheka hata sura yake siikumbuki. Mkiulizwa kama mtu ni wenu, semeni ndiyo, tena kwa sauti, hata kama mtaa mzima unawacheka! Neno likishatoka mbele ya watu halirudi kinywani, nimejaribu.

Binti yangu ameanza kukaa mwenyewe. Maitu anambeba mgongoni kila siku, anamwimbia, anampenda kupita sisi wote. Na akitaka kumwita, anamwita Toto, kama tunavyomwita sote.